Kiinua Mgongo cha Jirani

Yapo mazungumzo ambayo siku hizi hayakosekani katika baraza lolote wanapokaa watumishi wa Serikali, waliokwisha kustaafu na wale waliokaribia. Kahawa haijapoa, mmoja huuliza: "Fulani naye kapata ngapi?" Hutajwa kiasi. Mmoja huguna, mwingine hutikisa kichwa, na wa tatu hunyamaza kimya, kwa sababu alichopata yeye, naye alikuwa na cheo kile kile na miaka ile ile ya kazi, hakifiki hata nusu ya kiasi kilichotajwa. Hurudi nyumbani na fundo moyoni. Mkewe humwuliza, watoto humwuliza. Na jamaa wengine hawaulizi, bali husema pembeni kwamba mzee amezificha fedha, au amezitapanya.

Sisi hatumlaumu mtu kwa kulinganisha fungu lake na la mwenzake. Aliyekatwa mshahara wake kila mwezi kwa miaka thelathini ana haki ya kujua alichowekewa, na ana haki ya kuuliza kwa nini mwingine amepewa zaidi. Lakini kulinganisha kwataka kipimo kimoja. Mmoja akipima kwa pishi na mwingine kwa kibaba, ugomvi wao hautakwisha hata wakeshe. Nasi twaona kwamba ugomvi mwingi wa mabarazani, na majonzi mengi ya majumbani, yametokana na kupima kwa vipimo mbali mbali bila ya watu kujua. Kwa hiyo leo tumeona yafaa tukieleze kipimo chenyewe, kwa hesabu ambayo kila mtumishi aweza kuifanya kwa kalamu na karatasi.

MIFUKO MINGI, MWAJIRI MMOJA

Tofauti hizi hazikuanza jana. Katika enzi ya ukoloni, mtumishi wa kudumu aliyewekwa katika daraja la pensheni alilipwa na Hazina bila ya kukatwa chochote, na asiyekuwa katika daraja hilo aliwekewa akiba katika mfuko ulioanzishwa mwaka 1942, aliyopewa mara moja siku ya kuondoka. Watumishi wa serikali za mitaa nao wakawa na mfuko wao. Baada ya Uhuru ulikuja Mfuko wa Akiba wa Taifa mwaka 1964, kisha mfuko wa watumishi wa mashirika ya umma, PPF, mwaka 1978. Mwaka 1997 Mfuko wa Akiba wa Taifa uligeuzwa kuwa NSSF. Na mwaka 1999 ulianza PSPF, mfuko wa watumishi wa Serikali Kuu.

Tarehe hiyo ya 1999 ni muhimu sana, na wengi huipita bila kuitazama. Kabla ya hapo mtumishi wa Serikali Kuu mwenye haki ya pensheni hakuwa akichangia. Miaka yake ya kazi ilihesabiwa, na ahadi ilikuwapo, lakini hapakuwa na chungu kilichokuwa kikijazwa. Mfuko ulipoanza ulirithi ahadi za miaka mingi ambazo hazikuwekewa senti. Deni hilo ndilo lililoulemea kwa muda mrefu, mpaka Serikali, katika mwaka wa fedha 2021/22, ilipotoa hatifungani maalumu isiyo taslimu ya shilingi trilioni 2.17 kulipunguza. Twalitaja jambo hili si kwa kufukua ya kale, bali kwa kuwa asiyelijua hawezi kufahamu kwa nini mahesabu yalibadilishwa.

Ilipofika tarehe 1 Agosti 2018, mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa ikawa mmoja, PSSSF, kwa watumishi wa umma wote. Na NSSF ikaachiwa sekta binafsi. Tangu hapo mtumishi huchangia asilimia 5 ya mshahara wake, na mwajiri asilimia 15. Chungu kimekuwa kimoja. Lakini wale waliotiwa ndani yake walikuja kila mmoja na upawa wake.

HESABU YENYEWE

Malipo ya uzeeni ya mtumishi wa umma hupatikana kwa mambo manne. La kwanza ni mshahara wa kupigia hesabu, ambao kwa kanuni za sasa ni wastani wa miaka mitatu yenye mishahara mikubwa katika miaka kumi ya mwisho. La pili ni idadi ya miezi aliyochangia, ambayo isipofika 180, yaani miaka kumi na mitano, haimpi pensheni ya kila mwezi. La tatu ni kigawanyo, na la nne ni sehemu itakayotolewa kwa mkupuo, pamoja na idadi ya miaka ya kuizidisha sehemu hiyo.

Tuchukue mtumishi mmoja. Hana jina, kwa kuwa aweza kuwa mtumishi yeyote. Mshahara wake wa kupigia hesabu ni shilingi 1,200,000 kwa mwezi, yaani 14,400,000 kwa mwaka, na amefanya kazi miaka thelathini, yaani miezi 360.

Kwa kanuni waliyokuwa nayo watu wa PSPF na LAPF, kigawanyo kilikuwa 540. Mshahara wa mwaka ukizidishwa kwa 360 na kugawanywa kwa 540, hupatikana pensheni kamili ya shilingi 9,600,000 kwa mwaka. Nusu yake, asilimia 50, ilizidishwa kwa miaka 15.5 ikawa mkupuo wa shilingi 74,400,000. Nusu iliyobaki iligawanywa kwa miezi kumi na miwili ikawa shilingi 400,000 za kila mwezi, maisha yake yote.

Kwa kanuni iliyoanza Julai 2022, kigawanyo ni 580. Pensheni kamili ya mtumishi yule yule inakuwa shilingi 8,937,931 kwa mwaka. Asilimia 33 yake ikizidishwa kwa miaka 12.5 ni mkupuo wa shilingi 36,868,966. Asilimia 67 iliyobaki humpa shilingi 499,034 kila mwezi.

Msomaji aweke hesabu hizi mbili mbele yake. Mshahara ni ule ule. Miaka ni ile ile. Huyu ana milioni 74 na laki nne, na yule hana hata milioni 37. Lakini yule wa pili hupata takriban shilingi 99,000 zaidi kila mwisho wa mwezi.

SIKU MOJA TU

Sasa tuone ilivyokuwa. Kanuni za mwaka 2018 zilitaka watu wote wawe na mkupuo wa asilimia 25. Palizuka manung'uniko makubwa, na vyama vya wafanyakazi vikasema. Tarehe 28 Desemba 2018 Rais John Magufuli aliagiza kwamba kila mtu aendelee kulipwa kwa kanuni ya mfuko wake wa zamani hadi mwaka 2023. Baadaye Serikali, vyama vya wafanyakazi na waajiri walikaa tena, na kuanzia tarehe 1 Julai 2022 pakawekwa kanuni moja ya asilimia 33 kwa wote. Kwa waliotoka PSPF na LAPF huko kulikuwa kushuka kutoka 50. Kwa wenzao wa mifuko mingine kulikuwa kupanda kutoka 25.

Maana yake ni kwamba walimu wawili waliotoka chuo kimoja, wakaajiriwa mwezi mmoja, wakafundisha shule moja na kupandishwa madaraja pamoja, waliweza kutengana kwa zaidi ya shilingi milioni 37 za mkupuo kwa sababu tu mmoja aliustaafu utumishi mwishoni mwa Juni 2022 na mwingine mwanzoni mwa Julai. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyetapanya. Hakuna aliyekuwa mvivu wa kazi. Mmoja alizaliwa wiki chache baada ya mwenzake, basi.

Twasema waziwazi kwamba tofauti ya namna hii ni nzito kwa binadamu kuibeba, na asiyeionea huruma hajawahi kupanga maisha yake juu ya ahadi. Mtu alikuwa amekwisha kununua kiwanja, amechimba msingi, akitaraji milioni sabini. Amepewa thelathini na sita. Je, aiache nyumba ikiwa msingi, au aikope ile pensheni yake ya kila mwezi kabla haijaanza kuingia? Wengi wamekopa. Na wakopeshaji wa mitaani, wale wanaoshika kadi ya benki ya mtu mpaka deni liishe, walikuwa wakiwangoja mlangoni.

Lakini haki yadai tuutazame upande wa pili pia. Kanuni ya zamani ilitoa zaidi ya ilivyokuwa ikiingiza, na mfuko uliokuwa na deni la tangu mwaka 1999 usingeweza kuendelea hivyo. Mfuko ukikauka hautambui aliyestaafu Juni wala aliyestaafu Julai; wote hukosa. Mwenye kusema kwamba kanuni ya kale ingeachwa ilivyo hana budi aseme pia fedha zingetoka wapi.

NYONGEZA YA 2024, TUIELEWE

Katika bajeti iliyosomwa Juni 2024, Serikali ilitangaza kwamba mkupuo wa wale waliokuwa wakipata asilimia 50 zamani utapanda kutoka 33 hadi 40, na wa wale waliokuwa wakipata 25 utapanda kutoka 33 hadi 35. Watu walipiga makofi, nasi hatuna haja ya kuwazuia. Ila twaomba waijue furaha yao imekaa wapi.

Tumrudie mtumishi wetu wa mshahara wa 1,200,000. Kwa asilimia 40, mambo mengine yakibaki yalivyo, mkupuo wake unakuwa shilingi 44,689,655. Amepata kama shilingi 7,820,000 zaidi. Lakini sehemu ya kila mwezi imekuwa asilimia 60, yaani shilingi 446,897. Amepunguziwa kama shilingi 52,000 kila mwezi. Ukizigawanya zile milioni kwa hizi elfu, utapata miezi 150, ambayo ni miaka kumi na miwili na nusu kamili. Hapo ndipo ile 12.5 ya kanuni ilipojificha.

Kwa hiyo kuongeza mkupuo ni kuhamisha fedha kutoka mfuko wa kushoto kuzitia mfuko wa kulia. Atakayeishi chini ya miaka kumi na miwili na nusu baada ya kustaafu atakuwa amefaidika na mkupuo mkubwa. Atakayeishi zaidi angefaidika na pensheni kubwa ya mwezi. Mauti hayana kikokotoo, na hakuna ajuaye yake; lakini aliyestaafu akiwa na miaka sitini na afya njema, na mama yake angali hai, yampasa afikiri sana kabla ya kudharau zile elfu hamsini na mbili. Mwenye deni, au mgonjwa, au mwenye mtoto wa mwisho chuoni, ana sababu zake za kutaka nyingi mara moja. Kila mmoja ana hoja yake, na hakuna hata mmoja anayestahili kuchekwa na mwenzake barazani.

SALIO SI PENSHENI

Liko kosa jingine, ambalo limeenea hasa kwa vijana. Siku hizi mwanachama aweza kutazama michango yake kwa simu. Hufungua, huona jumla, kisha humwonyesha mwenzake. Mwenye jumla kubwa hujiona tajiri na mwenye ndogo huona kuwa kaibiwa. Lakini katika PSSSF jumla hiyo haimpimii mtu pensheni yake.

Tuseme wako watumishi wawili, karani na mwalimu, wote wa miezi 360. Karani alipanda mapema, na wastani wa mshahara wake kwa miaka yote thelathini ulikuwa shilingi 800,000. Michango yake na ya mwajiri, asilimia 20, ni shilingi 57,600,000. Mwalimu alikaa daraja la chini kwa muda mrefu, akapanda mwishoni, na wastani wake wa miaka yote ni shilingi 500,000. Jumla yake ni shilingi 36,000,000. Lakini wote wawili wamemaliza na mshahara wa kupigia hesabu wa 1,200,000. Pensheni yao ni sawa sawa, hadi shilingi ya mwisho, ingawa salio la mmoja lamzidi mwenziwe kwa milioni ishirini na moja na laki sita.

Katika nchi jirani ya Kenya mambo ni mengine. Huko, tangu Januari 2021, watumishi wa umma walioingizwa katika mpango mpya wa uchangiaji, wakiwamo wote waliokuwa chini ya miaka 45, huchangia asilimia 7.5 baada ya kuanza na 2 na kisha 5, na Serikali yao huwawekea 15. Hapo salio la mtu ndilo lake hasa, hukua kwa faida inayopatikana, na kulilinganisha na la mwenzake kuna maana. Kwetu, anayelinganisha masalio ni kama anayelinganisha urefu wa foleni mbili bila kuuliza kila moja yaelekea dirisha gani.

Na hata anayesikia habari ya "wastani" awe na hadhari. Wakikaa watu kumi, tisa wana milioni thelathini kila mmoja na mmoja ana milioni mia tatu, wastani wao ni milioni 57, na hakuna hata mmoja barazani pale mwenye kiasi hicho. Mtu wa kujipima naye ni yule wa katikati mkipangwa kwa mstari, asiwe wastani wa mkubwa na wadogo.

MWAKA WA KUONDOKA

Jambo la mwisho la kulinganisha ni mwaka. Kwa kuwa hesabu hutumia miaka mitatu bora, nyongeza ya mshahara humfaa zaidi aliyekaa nayo. Mei Mosi 2025 ilitangazwa kwamba kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo. Mtu wa kima hicho aliyestaafu mwisho wa Desemba 2025 alikuwa na miezi sita tu ya mshahara mpya. Tukiacha nyongeza nyinginezo, wastani wa miezi yake 36 ni kama shilingi 391,667. Atakayestaafu Julai 2028 atakuwa na miezi 36 yote ya 500,000. Wawili hawa wakikutana msibani na kuulizana, mmoja ataona kaonewa. Hakuonewa na mtu, ametangulia.

MALI BILA DAFTARI

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Katika haya yote, jambo ambalo mtumishi analo mikononi mwake ni daftari lake. Miezi isiyoonekana katika michango ni hasara ambayo hakuna kanuni itakayoifidia. Kwa mtumishi yule wa mfano wetu, miezi kumi na miwili tu ikikosekana katika kumbukumbu humpunguzia, kwa kanuni ya asilimia 40, mkupuo wa kama shilingi 1,490,000 na pensheni ya kama shilingi 14,900 kila mwezi hadi kufa kwake. Na miezi hupotea kwa mambo madogo: uhamisho kutoka halmashauri moja hadi nyingine, barua ya kuajiriwa iliyoliwa na mchwa, jina lililoandikwa kwa herufi moja zaidi, mwajiri aliyechelewesha kupeleka makato.

Kwa hiyo twamshauri kila mtumishi, na hasa aliyetimiza miaka hamsini, aikague michango yake mwaka hadi mwaka, asingoje barua ya kustaafu. Miaka 55 ni ya hiari na 60 ni ya lazima. Aliyefika 50 ana muda wa kurekebisha, na aliyefika 59 na miezi kumi ana muda wa kusikitika tu.

Kwa waajiri twasema kwamba makato ya mtumishi si fedha ya kuendeshea ofisi. Kuyachelewesha ni kumtia mtu njaa ya kesho ili wewe upumue leo. Kwa Mfuko twasema kwamba isitoshe kumwonyesha mwanachama jumla ya michango. Aonyeshwe kila mwaka, kwa Kiswahili cha kueleweka, kwamba akistaafu kwa mshahara huu na miezi hii mkupuo wake utakuwa kiasi hiki na wa mwezi kiasi hiki. Kwa vyama vya wafanyakazi twasema kwamba semina ya kikokotoo ifanywe mtu angali kazini, isiwe karamu ya kumwaga. Na kwa Serikali twasema kwa heshima kwamba kanuni ikibidi kubadilishwa tena, ibadilishwe kwa ngazi, ili pasiwe tena na tarehe moja ya kalenda inayowagawa watu wa kazi moja kama mto unavyogawa kijiji.

Na kwenu ndugu mnaokaa barazani, hatuwakatazi kuulizana. Ila kabla hamjauliza "kapata ngapi", ulizeni kwanza matatu: ametoka mwaka gani, miezi yake ilikuwa mingapi, na ni mfuko upi aliokuwamo kabla ya 2018. Mkishapata majibu hayo, chukueni kalamu mpige hesabu pamoja. Yumkini yule aliyekuwa akinyamaza atainua uso, na ataweza kwenda nyumbani kumweleza mkewe jambo ambalo mpaka leo hakuwa na maneno ya kulisema: kwamba fedha hazikufichwa wala hazikutapanywa, na kwamba zile zinazoingia kila mwisho wa mwezi ni sehemu ya fungu lake, nazo zitaendelea kuingia maadamu yu hai.